Usipime Mutu Asubuhi

Baba,

Laptopu yangu imenishinda, na najua huko uliko unacheka. Cheka tu. Ulinionya.

Tangu tukuzike Kuluva niko Koboko kwa mama. Duka letu la video la Mvara, pale Arua, nililifunga mwenyewe, nikaifunika kompyuta yako ya mezani kwa shuka, nikaapa sitaiwasha. Ya nini? Nina laptopu. Prosesa zao zina jina moja, stika ni ile ile, tena yangu ni mpya zaidi. Unakumbuka nilivyokutambia siku niliyoileta? Ulinitazama juu ya miwani, ukasema kwa kile Kiswahili ulichookota kwa madereva wa malori pale mpakani Vurra, kile kile wewe Mlugbara ulichomtongozea mama, Mkakwa wa Koboko: "Jina moja, kifua si moja." Kisha ukanichokoza kwamba hata mimi nimepewa jina la bibi, lakini bibi alipandisha maji kutoka mtoni bila kupumzika, na mimi nusu ndoo tu nalalamikia kiuno.

Tukazishindanisha. Video moja ya harusi, mashine mbili, zianze kupika pamoja asubuhi. Ndivyo ulivyoiita ile kazi ya kompyuta kuunganisha vipande viwe filamu moja. Dakika za kwanza laptopu yangu ilikuwa mbele, nikacheza mle dukani mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akaja kuchungulia. Wewe ukaenda kunywa chai. Chai haijaisha, laptopu ikawa moto kama kikaango, feni inalia, kasi imeshuka. Yako ilienda vile vile ilivyoanza, ikamaliza mchana, yangu bado inahema. Hukunicheka. Ulinieleza polepole kwamba prosesa ya laptopu imebanwa kwenye kasha jembamba, inalishwa umeme kidogo ili betri idumu, na joto likizidi inajipunguza yenyewe isiungue. Ya mezani ina nafasi, ina feni kubwa na chuma cha kuipoza, basi inakula inavyotaka na kufanya kazi siku nzima.

"Usipime mutu asubuhi, mama," ukasema. "Pima yeye saa tisa, jua iko kali."

Jumapili hii ni sala ya kukukumbuka, na mimi kwa kiherehere changu niliwaahidi watu filamu yako. Nikaanza kukutafuta kwenye video zetu zote. Baba, humo hukuwemo. Miaka yote ulikuwa nyuma ya kamera. Harusi za watu, ubatizo wa watu, kwaya ya Mvara, na wewe ni sauti tu, unamwomba bibi harusi arudi nyuma kidogo, unamwambia mchungaji kofia yake inaleta giza. Mahali pengine ni kivuli chako kwenye nyasi, mkono mmoja umeinuliwa. Nimekusanya sauti zako zote na vivuli vyako vyote, maana ndivyo nilivyobaki navyo.

Laptopu ikaanza kupika, ikapata moto, ikazimika. Nikaiinua kwa vizibo vya soda ipate hewa chini. Ikazimika tena. Mara ya tatu mama akaniambia, "Wewe enda Arua. Hii kitu iko nakataa." Alijua ninachokimbia. Sikuwa naiogopa kompyuta yako, baba. Nilikuwa naogopa kiti chako.

Siku ya mazishi sikulia. Nilipanga viti, nikapokea wageni, nikasimamia sufuria, na shangazi wote wakanisifu kwamba nina moyo wa chuma. Nami nikawaamini. Walinipima asubuhi.

Jana nilifungua duka. Niliondoa shuka, nikafungua ubavu wa mashine, nikasafisha feni kwa ile brashi yako ya rangi. Ikawaka mara moja, bila kinyongo. Nikakaa kwenye kiti chako kwa sababu waya wa mausi haufiki kwingine, na nadhani ulifanya hivyo makusudi. Feni ikavuma mvumo mmoja tu, haipandi, haishuki. Nilikuwa nimeusahau mvumo ule. Ndio uliokuwa nyuma ya kila neno uliloniambia humo ndani.

Saa tisa mashine ikamaliza kupika. Nikaitazama peke yangu. Mwisho kabisa nimeweka kipande cha harusi ile ile ya mashindano. Wageni wameshaondoka, sauti yangu inauliza kama tuendelee, nawe unajibu kabla ya kuzima kamera: "Imetosha, mama. Pumzika."

Nililia, baba. Nililia mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine yake, akaja kukaa mlangoni. Nina hamu nawe mpaka mikono inauma.

Sitaiuza kompyuta yako, wala sitaifunika tena. Jumatatu duka linafunguliwa. Na akija mteja na laptopu yake, anaapa kwamba prosesa ni ile ile, nitampa chai na kumwomba asubiri. Jumapili, Kuluva nzima itakusikia.

Lala, baba, kazi yako imemalizika vizuri. Nakuandikia asubuhi, nimeamka na nguvu, najiona naweza kila kitu. Usiniamini. Nipime saa tisa.

Binti yako, mwenye jina la mama yako,
Ayikoru