Mulimau wa Kaburi la Laura

Kasongo, tarehe 6 Desemba 2024

Mpendwa wifi yangu Rosine,

Pokea salamu za nyumba yote ya kaka yako. Unaendelea namna gani huko Kabambare? Tulisikia homa ilikushika, na tunaomba Mungu ikuwe imekuachilia. Sisi tuko na afya. Mvua haitupi nafasi, na barabara imekuwa matope matupu, lakini Bulaimu, mwenye kubeba barua, anajaribu kupita na moto yake, ile pikipiki, ndiye nimemupa barua hii.

Kaka yako Gédéon alikupigia simu mara nyingi, na kila ukiitika aliuliza habari za shamba tu. Juzi alikaa akuandikie, kisha akasimama akaenda kupalilia mihogo. Nimeshika kalamu kwa sababu yeye imemushinda.

Unajua paruasi, kanisa letu, ilimupa kazi ya kukata majani kwa mashine, ile inayozungusha uzi. Mwanzo ilimutesa. Uzi ulikatika kila saa, mikono ilishindwa hata kushika kijiko. Ndipo André, anayekata majani kwenye uwanja wa ndege, akamufundisha: asitumie nguvu za mikono, ageuze kiuno, apeleke mashine toka kuume kwenda kushoto ili majani yaangukie pale palipokwisha kukatwa; ncha ya uzi ndiyo ikate, na gazi, ile mbio ya mashine, isipande na kushuka ovyo. Kaka yako akawa mwepesi. Watu walisimama kumutazama, na mimi nilimusifu sokoni kuliko wote. Leo sifa zile zinaniuma.

Siku ya kuombea marehemu ilipokaribia, makaburi yalikuwa yamemezwa na majani. Alitaka kumaliza kabla ya wamama kuleta maua. Mimi nilikuwa nyuma nikikusanya majani na rato, ile reki ya meno. Alikuwa anazunguka misalaba bila kupunguza mwendo, na majani marefu yalificha mashina. Nikasikia mashine imezimika.

Nilipofika, alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la mutoto wetu Laura, binti yako. Uzi ulikuwa umezunguka ule mulimau uliopanda wewe, umechuna ganda lake pande zote, muti ukabaki mweupe kama mufupa.

Akaniambia, «Régina, Rosine aliniachia muti huu nimuangalilie. Nimeuua.»

Wifi, hakuuacha. Alipasua shati lake, akapaka udongo kwenye kidonda, akafunga. Kila jioni alipeleka maji, hata siku za mvua. Nikamuuliza maji ya nini, akaendelea kumimina. Majani yalijikunja, yakawa ya manjano, yakaanguka. Sitakudanganya: mulimau umekufa.

Kazi bado anaifanya. Ila sasa, kabla ya kuwasha mashine, anapiga magoti kwenye kila muti, anang'oa majani ya shinani kwa mikono, anaacha nafasi kubwa uzi usifike. Padiri alisema amekuwa muzito siku hizi. Na kwenye makaburi hapeleki mashine tena. Anaenda na panga.

Ninajua muti ule kwako haukuwa muti. Ulipohama, ulisema afazali Laura abaki na kivuli. Sikuombi usikasirike. Kasirika, uko na haki. Lakini usimunyamazie kaka yako, kwa maana kimya chako anakiogopa kuliko maneno.

Watu wanamuambia aung'oe, apande mwingine. Amekataa. Anasema wewe ndiye uliupanda, wewe ndiye utasema. Basi uko pale, mukavu, na kitambaa cha shati bado kimefungwa kwenye shina. Ukija, utaukuta.

Usalimie shemeji Fabrice, mama mukwe wako Safi, na mutoto Esther-Divine, umubusu kwa ajili yangu. Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani na akurudishie nguvu mwilini.

Mimi wifi yako nikupendaye,
Régina