Mafua Yangu na Kocha Quintas

Jumapili, 9 Novemba

Wewe uliyefungua droo hii ukakuta daftari chini ya soksi — nakusihi, lirudishe ulipolikuta. Na kama umeshaanza kusoma, soma kimya na usimwambie mtu hata mmoja. Hata kama wewe ni Shangazi Idalina. Hasa kama wewe ni Shangazi Idalina.

Leo tumefungwa tatu bila, nyumbani, kwenye mvua. Hiyo si siri. Siri ni hii.

Nina mafua tangu Alhamisi. Nilikuwa jukwaa la mashariki, lile lisilo na paa, kando ya Mjomba Fausto. Bao la tatu lilipoingia uwanja mzima ulinyamaza. Nikapiga chafya. Nikatoa leso yangu nyeupe, nikafuta pua. Ilikuwa imelowa chepechepe, kwa hiyo nikaikung'uta. Mara mbili, labda tatu. Niliikung'utia juu ya kichwa kwa sababu mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye koti safi na sikutaka kumrushia maji.

Adabu ndiyo iliyoniponza.

Mtu wa nyuma yangu akasema, taratibu kabisa, "Hatimaye." Akatoa yake. Wa kando yake akatoa yake. Asiye na leso akapunga karatasi aliyofungiwa mkate wa nyama. Kufumba na kufumbua jukwaa zima lilikuwa jeupe, na jukwaa la magharibi nalo likaitikia. Hakuna mtu katika nchi hii asiyejua maana yake. Leso nyeupe zikipungwa uwanjani, kocha anaambiwa akafungashe mizigo.

Na mimi nampenda Kocha Quintas! Sijawahi kutaka aondoke. Nilibaki nimeshika leso hewani, nimeganda. Kuirudisha mfukoni kungeonekana. Kuendelea kuishika kulionekana pia.

Mjomba Fausto akanigeukia. Alinipiga begani, macho yamemlowa — labda mvua. Akasema miaka yote hii hakujua kama nina moyo kifuani.

Jumatatu, 10 Novemba

Mji umeshajua. Mwaka mzima nimefanya kazi ofisi ya msajili, naandika vizazi, ndoa na vifo vya watu hawa, na wao huniita "yule wa dirisha la pili". Leo tarishi ameniita Telmo. Mwenye bucha ameniita Telmo, akanikatia nyama ya mgongoni bila kuombwa. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua cheti alinishika mkono akasema vijana wa siku hizi hawana ujasiri, isipokuwa mmoja.

Niandike ukweli: nilifurahi. Kwa nusu saa hivi. Halafu nikaona aibu.

Bi Hermínia, mkuu wa ofisi, hataki mpira utajwe kazini. Ni mjane, mkali, anavaa kijivu. Leo alikuwa akigonga mihuri mpaka wino unaruka. Akasimama mezani kwangu akaniuliza kama najivunia nilichokifanya. Nikasema hapana, Bi Hermínia. Akasema basi ni ajabu, maana wengine wote wanajivunia kwa niaba yangu. Akarudi chumbani kwake.

Mkahawa wetu, wa Shangazi na mumewe Mjomba Fausto, umegawanyika. Wanaotaka kocha apewe muda wanakaa dirishani na Shangazi. Wanaotaka afukuzwe wanakaa kaunta na Mjomba. Kahawa ni ileile, lakini wa dirishani wanaipata ya moto.

Shangazi anasema mtu amekabidhiwa wachezaji kumi na wanne, wawili kati yao magoti mabovu, halafu mnamdai ubingwa mwezi wa Novemba. Mjomba anasema yeye hamdai ubingwa, anadai shuti moja tu langoni, hata likitoka nje. Anasema kocha anacheza na mabeki watatu kama vile wa nne amekwenda kwa mama yake.

"Mpe muda, Fausto," Shangazi akasema. "Timu haijengwi kwa mechi tisa."

"Muda, muda. Muda utaleta nini?"

"Wewe nimekupa miaka thelathini na moja na bado hujafunga bao."

Hata kaunta walicheka. Mjomba naye alicheka, akajificha kwenye gazeti.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martino. Njugu za kuchoma, mvinyo mpya, moshi mkahawa mzima. Ingekuwa siku nzuri.

Mwenyekiti wa klabu ametangaza mkutano wa wanachama, Ijumaa jioni, ukumbi wa zimamoto. Hataki kumfukuza kocha kwa mkono wake mwenyewe; anataka mikono yetu. Amesema redioni kwamba yeye binafsi hana neno na Kocha Quintas, ila mashabiki wameshasema, na wamesema kwa leso zao.

Mashabiki hawakusema. Nilipiga chafya!

Shangazi amenipa supu ya kabichi. Mabakuli ya wote yalikuwa na kipande cha soseji juu. Langu halikuwa nacho. Nilikunywa yote.

Jumatano, 12 Novemba

Nilijaribu. Mjomba alikuwa akifuta glasi. Nikasema, "Mjomba, kuhusu ile leso —" Akaniambia nisijishushe. Akasema marehemu baba yangu alikuwa hivyohivyo, akifanya jambo la kiume anatafuta namna ya kuliombea radhi. Akamwita mtu wa kaunta aje asikie. "Mtazameni. Bado anatetemeka, lakini alisimama."

Ningemwambia nini? Ameshaeleza mji mzima kwamba ni damu yake, ilhali kwake mimi ni mtoto wa shemeji tu.

Mafua hayapungui. Nalala.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Kocha Quintas aliingia ofisini. Akafunga mwavuli, akaja moja kwa moja dirisha la pili. Langu. Nilidhani amekuja kunipiga. Ni mtu mkubwa, zamani alikuwa beki wa kati, ana mikono kama majembe — na sauti ndogo, ya mtu anayeomba maji nyumba ya watu.

Akasema anataka kufungua jalada la ndoa.

Nikampongeza. Nikaandika jina lake. Nikauliza la bibi harusi. Akalitaja, na kalamu yangu ikasimama.

Hermínia Vilhena.

Mlango wa nyuma yangu ukafunguka. Bi Hermínia, mwekundu mpaka masikioni! Sikujua kama ana rangi. Akasema sheria haimruhusu kushughulikia jalada lake mwenyewe, kwa hiyo nitalishughulikia mimi, na kwamba likisikika nje kabla ya siku yake atajua limetoka mdomo gani. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, akaniuliza kama nimekula chochote asubuhi.

Tarehe: Januari, Jumamosi ya pili. Mashahidi: watatajwa. Nikauliza anwani ya bwana harusi.

"Andika ya hapa," Kocha akasema. Akamtazama Bi Hermínia. "Mpaka kesho jioni, andika ya hapa."

Nilielewa polepole, kama kawaida yangu. Akipigiwa kura ya kuondoka, kuna klabu moja tu inayomtaka, visiwani, kule Azori. Mtu aliyevuka sitini hapigiwi simu na wengi. Bi Hermínia ana mama wa miaka tisini asiyekubali kupanda ndege wala meli, wala kuhama kiti chake, kwa hiyo Kocha angekwenda peke yake. Hakuna aliyenieleza hayo kama malalamiko. Walinieleza kama watu wanaojaza nafasi zilizobaki. Bi Hermínia alikuwa akiitazama stepla yangu. Halafu akaenda kufuata muhuri.

Kocha akainamia kioo.

"Mafua yamepoa?"

Nikaficha leso chini ya jalada.

"Kutoka benchi mtu anaona mengi," akasema. "Baada ya lile bao la tatu sikuwa na hamu ya kutazama uwanja. Nikageuka. Ulipiga chafya, ukajifuta, ukakung'uta. Ukamkwepa na yule mama wa mbele. Nikasema moyoni, mtoto huyu amelelewa."

"Kwa nini hukusema, Kocha?"

"Nani atamwamini kocha aliyefungwa tatu nyumbani?"

Akacheka, kicheko cha kweli. Kisha akasema amesikia sasa mji mzima unanijua kwa jina, na ni jambo jema kwa kijana kujulikana kwa jina. Yeye timu atapata. Nisijisumbue. Asali na limao, akasema, na soksi za sufu.

Hakuniomba kitu. Angeniomba, ningekasirika kidogo na ingekuwa rahisi.

Bi Hermínia alirudi na muhuri. Aliugonga taratibu, karibu bila sauti.

Ijumaa, 14 Novemba

Niko ukumbi wa zimamoto, kiti cha karibu na mlango, naandikia gotini. Nimeleta daftari ili mikono yangu iwe na kazi. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Shangazi amekaa upande wa kushoto, Mjomba wa kulia, katikati pana njia. Kocha hayupo, hakualikwa. Bi Hermínia yupo, safu ya tatu. Ni mwanachama! Hakuna aliyejua. Amevaa koti la bluu.

Wamesema wengi. Mmoja anasema apewe mpaka Krismasi. Mwingine anauliza Krismasi ya mwaka gani. Mwenye bucha anasema kocha ni mtu mwema, lakini wema hauokoi penati. Shangazi amesimama akasema huyu ndiye kocha wa kwanza katika mji huu kuja kumwona kipa wetu hospitali, na kurudi tena kesho yake, na kesho yake. Wamempigia makofi hata wa kulia. Nikapata matumaini.

Halafu Mjomba.

Mjomba anajua kuongea. Alianza kwa upole. Akasema hana chuki na mtu. Akasema ila Jumapili kulitokea jambo, na akaninyooshea kidole ukumbi mzima ukageuka. "Mnamjua kijana yule. Anaogopa mbwa, anaogopa bosi wake, anaogopa kuagiza kahawa. Kama yeye alisimama, sisi tunangoja nini?"

Makofi! Watu wananikonyeza. Nyuma yangu mtu amenishika bega. Bi Hermínia hakugeuka.

Mwenyekiti ameangalia saa. Anauliza kama kuna mwingine kabla mikono haijahesabiwa.

Nimenyoosha mkono. Wa kushoto, wa kulia unaandika. Mjomba ananitabasamia, anadhani nitamsaidia. Sijui nitaanza na neno gani. Nikisema ukweli, atacheka nani na atalia nani? Na wakishacheka, watampa muda au watapiga kura vilevile? Sijui. La ndoa sitalisema. Hilo si langu.

Mbele yangu kuna mmoja. Ni mzee wa soko, anaongea polepole, Mungu ambariki.

Nikianguka, au nikikimbia, daftari hili likabaki kwenye kiti — lifunge, usirudi kurasa za nyuma, nirudishie. Utanipata hivi. Jina ni Telmo Sarmento. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo ofisi ya msajili, dirisha la pili. Kuna foleni, lakini mwenye shida na mimi apite mbele. Kesho na keshokutwa nipo nyumbani, juu ya mkahawa. Usipige kengele ya mbele, kwa sababu Mjomba ndiye anayefungua, na baada ya leo sijui atafunguaje. Zunguka nyuma, pita kwenye makreti ya soda, gonga mlango wa jikoni. Mwambie Shangazi kwa sauti ya chini. Akisema hanijui, subiri palepale. Hawezi kusema hivyo mara mbili.

Na kama anayenitafuta ni Kocha Quintas — asizunguke nyuma. Mwambieni apige kengele ya mbele.