Ndege ya Kazi Nne

Jumatatu, 3 Februari 1986

Bawa la kushoto limekwisha kushonwa. Bado la kulia. Vidole vimechubuka, kastabini imetoboka. Dawa wanayopaka kukaza nguo inanuka ndizi mbovu, kichwa kinaniuma tangu asubuhi.

Sinyori Aldo alipita bandani, akaipiga nguo kwa ukucha, ikalia kama dufu. Akacheka peke yake. Ndege hii aliibuni baba yake kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Ile ya kwanza ya majaribio iliozea huko kwao Italia, na sasa mtoto anaiunda upya hapa Muyeye, Malindi, kwa michoro ya marehemu. Ndege moja kazi tatu, ndivyo asemavyo kila siku: kupiga picha, kupeleka barua, kubeba wagonjwa. Ikiruka vizuri ataipa hospitali, ibebe waja wazito mpaka Mombasa. Mimi nashona kwa ajili ya hiyo ya tatu.

Jumatano, 12 Februari

Mama ameomba ashone na yeye. Macho hayaoni tena, lakini mkono ni ule ule wa kushona kofia. Nimemletea nguo ya bawa la kulia nyumbani. Ameketi ukumbini anashona upindo huku anavuta uradi. Anasema hii ni sadaka yake. Eropleni haipendi hata kuitaja. Eropleni ndiyo iliyoangusha bomu hapa mjini wakati wa vita, likamuua kaka yangu Mbwana, angali ananyonya. Mimi sikumkuta. Lakini hii ya wagonjwa mama ameikubali. Nimefurahi mno.

Athmani mume wangu, seremala wa Sinyori, naye ana kazi ya ziada. Anachonga magogo manne, yamechongoka mbele, yana mapezi nyuma kama samaki. Ati miguu ya taa za hoteli moja Watamu. Nimemsaidia kupiga msasa. Yametoka laini, mashaallah. Taa zenyewe zitakuwa mbaya. Wageni wana mambo!

Jumapili, 16 Februari

Kichwa. Sikwenda bandani.

Ijumaa, 21 Februari

Athmani katoka msikitini kaenda bandani moja kwa moja. Hajawahi kuuacha wali wa Ijumaa. Nimemuuliza, kasema kazi. Ananikwepa, namjua.

Jumamosi, 22 Februari

Lo, Athmani!

Nimeingia bandani bila hodi. Miguu ya taa inaning'inia chini ya bawa. Yote minne, kwenye kulabu za chuma. Nimeigusa, nikalijua fundo la mti lililonichubua siku ile ya msasa.

Sinyori kanieleza kwa furaha, kama mtu anayeonyesha mjukuu. Ni mabomu ya mti tu, Bi Rukia, hayana kitu ndani. Lazima ifanane na ile ya baba yake, maana imeshanunuliwa na makumbusho ya kwao, nao wanaitaka ya vita. Hospitali je? Akapunga mkono. Halafu akajisifu kwamba baada ya ile ya majaribio zilitengenezwa nyingi, zikaruka vitani mpaka Malindi hii hii.

Yeye habari za Mbwana hazijui. Athmani anazijua. Athmani ndiye anayesimamia hitima ya Mbwana kila mwaka, anakula pilau ya mama na kumwombea subira.

Nimemuuliza Athmani amejua tangu lini. Tangu michoro ya kwanza, kasema. "Ningekwambia, ungeacha kushona." Hata kichwa hakuinamisha.

Nilishika mkasi. Upindo wa mama ulikuwa mbele yangu. Nikauweka mkasi chini, maana ndani ya ndege atakaa mtu. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinalala kitandani mwangu.

Jumapili, 23 Februari

Nimemtandikia Athmani ukumbini. Jioni kaniletea halua. Halua! Nimewapa watoto wa jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Imeruka. Sikwenda kutazama. Nilikuwa uani napepeta mchele, sauti ikaja kutoka upande wa uwanja wa ndege, nzito, inakohoa. Watoto wakashangilia njiani. Kuingia ndani, mama hayupo kitini.

Alikuwa mvunguni mwa kitanda, na umri ule. Amekumbatia mto, mkono mmoja kaufunika juu yake, kama unavyomziba mtoto sikio.

"Ni ile," akasema. "Mwanangu, imerudi ile."

Nikamfuata huko huko chini. Tukakaa mpaka ikanyamaza. Namchukia Athmani. Naandika wazi: namchukia.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ametulia. Kanywa uji. Athmani kaja mlangoni na shikamoo yake, kaitikiwa marahaba kama siku zote. Mama hajui, maskini.

Baadaye kaniuliza, huku akipapasa upindo wa leso yake: ile nguo tuliyoishona, ndiyo iliyopita jana?

Nikamwambia siyo, mama. Ya wagonjwa bado haijaruka.

Akasema alhamdulillahi. Akaomba sindano, tuimalize mapema. Nimempa shuka kuukuu na uzi ule ule. Anashona.