Uzi Mweupe

Dada yangu mpenzi,

Sweta la mtoto limefika na limemkaa vizuri, ila mikono yake ni mirefu kidogo. Sisi hatujambo. Paa la jikoni limeacha kuvuja.

Umeniuliza habari za kazi. Mafuriko yalipoingia ghala la makumbusho, tulifanya kazi siku nne, maji kiunoni. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga nyuzi: uzi mwekundu kwa kitu cha kuokolewa kwanza, mweupe kwa kile kinachoweza kusubiri. Wenzangu wakaniita Bi Nyuzi. Mkuu wetu alitushukuru, akatupa mapumziko ya siku mbili, basi. Mpaka leo natembea na nyuzi mfukoni, na bomba likifunguliwa moyo unanienda mbio. Nikiulizwa, nasema ni uchovu.

Hili usimwambie Mama. Jana asubuhi nilimweka mtoto kwenye beseni, nikafungua maji. Nilipozinduka, beseni lilikuwa linafurika, naye amekaa kimya ananitazama, maji yamemfika kidevuni. Mkono wake ulikuwa umefungwa uzi. Fundo ni langu, nalijua, lakini sikumbuki kulifunga.

Uzi ulikuwa mweupe.

Dada, naogopa mikono yangu mwenyewe. Kesho naenda kwa daktari. Tangu jana mtoto anaogeshwa na jirani, lakini jirani si wewe. Njoo umchukue, hata kwa wiki mbili tu.

Ule uzi nimeukata. Nimemfunga mwekundu.

Mdogo wako