Mpini wa Babu, Chuma cha Gari

Mama Dimah mpendwa, naomba unisaidie maana usingizi umenipaa, na familia zote za nyumba yetu ndefu zinanitazama mimi na tumbo langu. Mume wangu Unggat anauza panga za kale kwa wageni mjini Kuching, na ukweli ni kwamba nyingi anazifua mwenyewe kwa springi za gari kisha anazitundika juu ya jiko zipate moshi zionekane za kale, wageni wanafurahi, nami sikuwahi kuona ubaya. Safari hii lakini alichukua upanga wa babu yangu mzaa mama, akang'oa mpini wa pembe ya kulungu, akautia kwenye chuma kipya pamoja na ala yake, akamuuzia Mzee Lamba wa huko mto unakoteremkia, ambaye nyumba yao iliungua na panga zote za mababu zikateketea, naye anataka mmoja wa kweli kwa sikukuu ya mavuno. Chuma cha babu chenyewe Unggat anakatia majani ya nguruwe.

Sasa shemeji yake Mzee Lamba ameupapasa akasema mpini ni wa zamani kweli, ila upanga wa wazee ubavu mmoja huvimba na mwingine hubonyea, huu uko bapa pande zote. Maneno yakawa mengi mpaka mkuu wetu, Tuai Sibat, akaamua Jumamosi mimi, mjukuu wa mwenye upanga, nikate kuku shingo mbele ya watu na kuapa kwamba ndio wenyewe, na nikidanganya basi mimi na kizazi changu tuishe kama yule kuku. Nilipomwambia Unggat naogopa, alicheka. "Wewe nawe. Si mpini ni wa babu yako? Apa huku umeushika, hujadanganya mtu. Kuku tutamla na tangawizi." Mama, shangazi yangu aliapa hivyohivyo uongo kwa ajili ya mpaka wa shamba, na vichanga vyake viwili niliviosha kwa mikono yangu kabla ya kuzikwa. Na tangu juzi mwanangu tumboni hachezi kama alivyozoea. Nikikataa, Unggat anasema nimemuuza. Nifanyeje?

Lemia

*

Lemia mwanangu, mtoto hachezi halafu wewe umekaa unaandika barua? Nenda zahanati leo hii asikilizwe mapigo. Hao wengine watasubiri.

Ukirudi, tuongee. Pole, hofu yako naielewa, hata mimi kuku wa kiapo siwezi kumtazama mara mbili. Lakini mtu mzima unaniuliza kama kuapa umeshika mpini ni uongo? Jibu unalo, ndiyo maana hulali. Mzee Lamba hakununua mpini. Alinunua kitu cha kuweka mahali pa vile alivyovipoteza, na mumeo akampa springi ya gari.

Huyo Unggat naye, kama ni kuku tu, mwambie ashike kisu yeye. Mtoto si wake pia? Utaona kama kicheko kitamtoka. Na chuma ambacho babu yako alikilisha wali na yai vya sadaka kila sikukuu kikatie majani ya nguruwe, nawe unaona unanyamaza! Hapo sikuhurumii hata kidogo.

Usingoje Jumamosi. Kichukue chuma cha babu, kioshe, kifunge kwa kitambaa safi, mpelekee Tuai Sibat chumbani kwake, mama yako akiwa pembeni yako. Mwambie yote. Kisha Mzee Lamba aje na upanga wake, wapashe mpini moto. Utomvu wa miti walioutumia wazee kugandishia mpini hulainika taratibu, ila gundi ya dukani ya mumeo itanuka nyumba nzima, na hakuna atakayehitaji kiapo chako. Mpini urudi kwenye chuma chake, lakini autie mtu mwingine. Kwa mwiko wetu, mwenye mke mjamzito hatii mpini kitu chochote, na Unggat alilijua hilo. Kama Mzee Lamba apewe huo wa kweli au la, kaa na ndugu zako muamue.

Mumeo atanuna, atahamia kulala barazani, na Tuai atamtoza faini ya nguruwe mbele ya majirani wote. Mwache alipe. Nguruwe mtafuga mwingine.