Tundu la Kumi na Moja

Mpendwa Bi Mshauri,

Pokea salamu zangu mapema, maana kichwa kimejaa na nisipokusalimia sasa nitasahau. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka arobaini na tisa, nina binti mmoja, muuguzi wa miaka ishirini na tatu, na sote wawili ni wanachama wa klabu ya kulenga shabaha, ndiyo, ya bunduki, na usishangae, hata mume wangu hutania kwamba mwanamume mwenye mke na binti wenye shabaha hujifunza mapema kuosha vyombo.

Niache nijisifu kidogo kabla sijajishtaki. Mtoto huyo nilimpeleka klabuni mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, na aliyetufundisha ni mzee mmoja fundi saa, mtu wa mkono usiotetemeka, na leo binti yangu akilala kifudifudi akatuliza pumzi, hata mimi mama yake naogopa kukohoa. Mzee alitufundisha na desturi yake: ukishafyatua, kabla hujachungulia kwenye darubini, andika daftarini unahisi risasi imepiga wapi, ili usijidanganye. Daftari langu sijui liko wapi, lakini la binti halimtoki mfukoni.

Sasa, mwezi uliopita tulishindania nafasi moja iliyobaki kwenye timu itakayokutana na klabu nyingine zote, risasi kumi kila mtu, kila mtu na kadi yake ya shabaha mita hamsini mbele, katikati yake pointi kumi. Fundi saa alipiga zamu ya kwanza akapata tisini na nane, watu wakasema basi, nafasi imepata mwenyewe. Zamu ya pili nikalala mimi na kushoto kwangu binti, na badala ya kushughulika na kadi yangu nikaigeuzia darubini kadi yake, kwa sababu nilijua mimi ni msindikizaji tu, nikawa nahesabu, kumi, kumi, tisa, kumi, risasi tisa zikampa themanini na tisa, halafu ile ya mwisho nikaiona imetua chini kushoto, nane. Roho ikaniuma, nikarudi kwenye bunduki nimalize yangu moja iliyobaki huku mawazo yote yako kwake, nikafyatua, nikachungulia, nikaona tundu jipya katikati kabisa ya kadi ya mwanangu. Nilikuwa nimelenga kadi yake badala ya yangu!

Basi kadi yake ikawa na matundu kumi na moja, yangu tisa. Mwamuzi akatuita, akasema sheria ni kwamba kama haijulikani risasi ipi ni ya nani, mwenye kadi anapewa iliyo bora. Akaniuliza, "Mama, yako ni ipi?"

Nikasema, "Sijui."

Binti akanitazama kidogo, akasema, "Mimi pia sijui."

Akapewa ile kumi, jumla tisini na tisa, akampita mwalimu wetu kwa pointi moja.

Tangu hapo mtaa mzima wananiita Mama Bingwa, wateja wananiletea nguo ambazo hata hazijachanika ili nisimulie, na kwa kweli kichwa kimevimba, sikufichi. Lakini juzi fundi saa alikuja nyumbani akamkabidhi binti glavu yake ya ngozi, ile anayoshikia bunduki, akamwambia, "Chukua, mwanangu, zamu yangu imepita." Binti akaipokea, akaingia chumbani, hakutoka kula. Medali aliyopewa siku ile hajaitundika, mazoezi nami hataki, anasema zamu za hospitali zimembana, nami nadhani ni woga wa mashindano. Majina ya timu yanapelekwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Je, ninyamaze mtoto aende, au niseme nimvunje moyo, naye masikini hajui kitu?

Mama Bingwa

*

Mama Bingwa,

Eti hajui kitu! Ulisoma barua yako kabla ya kuitia kwenye bahasha? Mtoto anayeandika kila risasi kabla ya kuitazama, ya kumi aliiachaje? Sihitaji kulifungua daftari hilo. Limeandikwa nane, chini kushoto.

Alijua, mama. Alijua ukiwa umesimama pale pale ubavuni pake, nawe ukamtangulia na hiyo "sijui" yako. Ulitaka afanye nini, akuumbue mbele ya klabu nzima? Akakusitiri. Hakufanya vizuri kunyamaza, lakini aliyemfungulia njia hiyo ni wewe. Sasa anakula chakula chumbani, au hali kabisa, na wewe unasema ni woga.

Nakuonea huruma, kweli. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kupiga kadi ya jirani ni ajali, haikuwa nia yako. Lakini kumdanganya mwamuzi ilikuwa nia yako, na kumwacha mzee aliyewafundisha avue glavu yake na kuwapa, hilo mama, lilinifanya niweke barua chini nikanywe maji.

Unapenda kujisifu? Jisifu, una haki. Mtoto wa miaka ishirini na tatu amepata tisini na saba halali, pointi moja tu nyuma ya mwalimu wake, na akajiandikia nane wakati hakuna mtu anayemchungulia. Wangapi mtaani kwenu wana mtoto wa namna hiyo? Mimi sina.

Kwa hiyo leo akirudi kazini mwite, umwambie, "Nilijua." Usilie, maana ukilia ataanza kukubembeleza, na zamu ya kubembelezwa ni yake. Kesho nendeni klabuni wote wawili. Kwa mwamuzi utazungumza wewe, na wakikufungia mechi mbili tatu, pokea. Fundi saa atasema yaishe, mwacheni mtoto aende. Mshukuru, lakini mkatae. Siku ya mashindano kaeni mbele, mmpigie mzee makofi mpaka viganja viwake moto.

Na mtu akikuuliza mbona binti yako hayumo kwenye timu, usiinamishe kichwa. Mjibu kifua mbele: alipata tisini na saba, na mimi ndiye mama yake.