Wanawake wa Kyumbi Wakataa Kusema Ndiyo

Machakos, Jumapili baada ya kanisa

Baba Mwende,

Isome hii barua ukiwa umekaa, na uwe umekula kwanza. Uko aje? Kifua kimeacha kubana? Ile dawa ya presha unameza kila siku, ama unameza siku unayoikumbuka? Na yule ndama, ameanza nyasi ama bado anamsumbua mama yake? Mimi niko salama, Mungu amenishika. Shida ni baridi ya asubuhi tu, hii inayoshuka kutoka vilima vya Iveti ikaingia mpaka kwa meno. Huko kwetu Shimba Hills hatuijui, na bado mtoto wako anatoka nyumbani na nywele mbichi. Nikimwambia kama mama yake, ananijibu, "Mwaitu, mimi ni mtu mzima." Mtu mzima naye hashikwi na kichomi?

Najua utauliza kwa nini naandika na simu iko. Simu tunapigiana, lakini wewe kwa simu uko na maneno matatu: sawa, haya, kata. Habari niliyo nayo haiingii hapo. Nitaiweka kwenye basi, Kioko wetu aichukue hapo Mombasa na akuletee mwisho wa wiki.

Nianze na kazi ya Mwende, kwa sababu nimekaa naye miezi miwili na ndiyo sasa nimeielewa. Kwanza waambie watu huko waache kunitumia magoti. Juzi mzee Hamisi jirani amenipigia, anataka dawa ya goti kutoka kwa binti yetu daktari. Mwende ni daktari wa hesabu. Hana dawa hata ya mafua. Anahesabu mambo yanayokaa ndani ya watu: nani halali, nani ana mawazo mengi, nani anakunywa pombe mpaka inamtawala. Tena hayo yenyewe wanahesabu wengine. Yeye kazi yake ni kutengeneza njia ya kuhesabu, kwa sababu mtu akiulizwa mambo kama hayo hudanganya. Nilimwuliza, "Kwa hivyo chuo kinakulipa kwa kujua watu wanadanganya kiasi gani?" Akasema, "Ndiyo, mwaitu. Ni hivyo tu."

Sasa unajua yeye hapo chuoni alikuwa kwa kandarasi, na kandarasi inaisha mwezi huu. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Alitakiwa asimame mbele ya jopo la wakubwa, Alhamisi iliyopita, awaonyeshe kazi yake imefanyika na watu wa kweli. Akishindwa, anafunga virago. Kwa hivyo hiyo Alhamisi ndiyo ilikuwa inatuamsha na ndiyo ilikuwa inatulaza. Yeye hakuwa anakula. Mimi nilikuwa nakula mara mbili, yangu na ya wasiwasi.

Njia yake ni hii, na usicheke mpaka mwisho. Mtu anaulizwa kama anakunywa pombe, anapewa shilingi ishirini, anaingia nyuma ya pazia peke yake, anairusha. Upande mmoja iko na ndovu, upande wa pili iko na ngao. Akipata ndovu, anasema "ndiyo", hata kama hajawahi kuonja pombe. Akipata ngao, anasema ukweli wake. Kwa hivyo ukimsikia mtu amesema "ndiyo", hujui ni yeye anakunywa ama ni ndovu ameanguka. Siri yake inabaki kwake. Lakini Mwende akiwa na watu wengi, anatoa ile sehemu ya ndovu, inayobaki ndiyo wanywaji. Alinifundisha hapa mezani kwa shilingi kumi kwanza, ikatushinda, kwa sababu ile iko na simba mbele na nyuma kwa ngao iko na simba wengine wawili. Tukahamia ndovu.

Watu wa kuulizwa walikuwa kina mama wa kikundi kimoja cha kanisa hapo Kyumbi, wengi wao wanauza nyanya na matunda kando ya barabara. Mwende ana msaidizi anaitwa Kamene, mama wa watoto wawili, mpole sana. Mwende akaniambia, "Mwaitu, nenda na Kamene. Wewe ni wa rika lao, watakusikiza. Waeleze ile sarafu kwa Kikamba." Baba Mwende, nilifurahi. Mimi na darasa langu la nne natumwa na chuo. Nilivaa ile nguo ya harusi ya Kioko.

Tulifika. Kamene akakaa nje mlangoni na fomu zake, anaandika umri, kila mmoja anatia sahihi kwamba amekubali, na akitoka kwa pazia anamwambia jibu lake. Mimi niko ndani na kina mama na pazia. Nikaeleza vizuri, neno kwa neno kama nilivyofundishwa.  Halafu akasimama mweka hazina wao, mama mmoja mkubwa anaitwa Mama Kalondu, sauti yake inaweza kusimamisha lori.

"Mama, hebu rudia. Mimi sinywi."

"Ndiyo."

"Nirushe pesa juu, kama mcheza kamari."

"Ni kurusha tu, hakuna anayeshinda."

"Halafu ndovu akianguka, niseme nakunywa pombe. Na mchungaji yuko hapo nje kwa kiti."

"Inatakiwa hivyo."

"Na hiyo inaitwa utafiti wa ukweli."

Wenzake wakamwita Mungu, "Ngai!" Mwingine akasema yeye ni mama wa maombi, mdomo wake hauwezi kushuhudia uongo, hata kwa chuo. Mimi nikawaangalia, nikaona hawa watu ni wa haki. Mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Nikaona kazi ya mtoto wangu isije ikawa sababu ya watu kutenda dhambi. Nikawaambia, "Sikizeni. Kama hunywi, sema hapana. Ndovu si Mungu." Wakapiga makofi. Mama Kalondu akaingia wa kwanza, akatoka kama mtu aliyetoka ubatizo. Wote wakafuata. Siku mbili tulifanya hivyo na hakuna aliyesumbua. Nilirudi nikijisifu moyoni, nimefanya kazi na nimeokoa watu.

Siku ya tatu, jioni, naosha vyombo. Mwende yuko kwa kompyuta. Nikasikia kimya. Unakijua kimya chake, ni kile cha siku alivunja taa ya shangazi yako. Akasema, "Kamene hakuenda Kyumbi. Alikaa kwake akajaza hizi fomu mwenyewe."

Nikauliza umejuaje.

"Hakuna 'ndiyo' hata moja, mwaitu. Hata moja. Haiwezekani."

"Labda hawanywi. Ni watu wa kanisa."

"Hata wakiwa malaika. Ndovu lazima aanguke karibu nusu ya mara zote. Nusu yao ilikuwa lazima waseme 'ndiyo'. Hii ni karatasi ya uongo, nikiipeleka Alhamisi wataniuliza mimi kama ndiye niliyeitunga."

Baba Mwende, sufuria ilinitoka mkononi.   Nikasema, "Labda ndovu alichoka," na nikaenda kulala mapema kama mgonjwa. Naandika hii nikiona haya. Nilijiambia nitasema asubuhi.

Asubuhi Kamene ameitwa, amekuja na mtoto mgongoni. Mwende hakupiga kelele, alimwonyesha tu hizo hapana zote zimejipanga. Kamene akalia. "Daktari, nilikuwa pale. Nilikuwa mlangoni siku zote mbili. Muulize mama." Wote wawili wakanigeukia. Mtoto wake naye akanigeukia.

Nikawaambia yote. Pazia, mama wa maombi, mpaka ile ya ndovu si Mungu. Mwende alisikiza mkono umefunika mdomo. Nilidhani analia. Nilipofika hapo pa makofi nikaona mabega yanatetemeka, kumbe anacheka, halafu kweli akalia, halafu akacheka tena. Akamwomba Kamene msamaha kwa jina lake na la babake. Halafu akaniambia kwa upole, na huo upole ndio uliniuma, "Mwaitu, imebaki wiki moja na sina kitu."

Nikasema, "Mama Kalondu si mbaya. Alisema hivi mlangoni akienda: wangeniuliza kama ndovu ameanguka, ningejibu ndiyo, maana nimemwona kwa macho yangu. Lakini niulizwe pombe nijibu ndovu, hapana."

 Nilikuwa nachagua maharagwe na mahindi ya kupika muthokoi hapo mezani. Mwende akachukua haragwe moja, akachukua punje moja ya hindi, akaziangalia muda mrefu mpaka nikaogopa. Akasema polepole, "Tusiwaulize moja. Tuwaulize mawili kwa pamoja. Umepata ndovu, ama umekunywa mwezi huu? Kama moja kati ya hayo ni kweli, weka haragwe kwa mkebe. Kama hakuna, weka hindi. Hesabu ni ile ile, mwaitu. Na hakuna mtu amesema uongo."

Kamene akasema, "Na hakuna mtu amefungua mdomo."

Tulirudi Kyumbi Jumatatu. Safari hii Mwende alikuja mwenyewe, na mimi nikaambiwa nieleze na nisiongeze neno langu hata moja. Nilieleza. Mama Kalondu akanikagua kutoka kichwa mpaka kiatu. "Kwa hivyo nikiweka haragwe, nimesema ama ni ndovu ama ni mimi."

"Ndiyo hivyo."

"Na mtu yeyote akiniuliza ni lipi?"

"Mwambie ni ndovu."

Mwende akanikanyaga mguu. Lakini waliingia wote, mmoja mmoja, na mkebe ukawa unalia ndani ya pazia, ti, ti. Tulipomwaga mezani nyumbani, Mwende akahesabu mara mbili. Maharagwe yalikuwa mengi kuliko ndovu anaweza kuleta peke yake. Nikaanza kupitisha zile nyuso kichwani, huyu, ama yule, Mwende akaniambia niache, hiyo ndiyo maana ya kazi yote. Na mchungaji alipiga simu jioni hiyo akitaka kujua ni nani katika kondoo wake. Mwende akamjibu, "Mchungaji, hata ukinifunga siwezi kukuambia, kwa sababu hata mimi sijui." Lakini akamwambia wanywaji wapo, na kama anataka kuwasaidia afundishe wote bila kumtafuta mmoja. Nilimsikia akisema hivyo nikajua huyu mtoto nilimzaa vizuri.

Alhamisi ikafika. Nilipika muthokoi na haukuliwa. Nilikaa nje kwa jua na Biblia, nikasoma mstari mmoja mara nyingi, siujui mpaka leo ulisema nini.

Alirudi saa tisa. Sasa sikia alichofanya. Wakubwa walikuwa watano, mwenyekiti profesa mwenye mvi, ni mzee wa kanisa pia. Mwende akaanza kwa kuwaambia hapana zote za Kyumbi na mama yake aliyezileta. Profesa akasema kina mama walikosa kuelewa maagizo, ni mambo ya elimu ndogo. Mwende akasema, "Basi tujaribu hapa." Akawapa kila mtu shilingi ishirini. Swali lilikuwa: umewahi kutia sahihi kazi ya mwanafunzi bila kuisoma mpaka mwisho? Ukipata ndovu, sema ndiyo.

Profesa akarusha, akafunika kwa mkono, akakaa hivyo. "Daktari Mwende, mimi nimesoma zote."

"Ndiyo, Profesa. Lakini kama ni ndovu, sema ndiyo."

"Mbele ya hawa?"

"Ndiyo maagizo."

"Sasa huo ni ushahidi wa uongo."

 Mwende akatoa mkebe, maharagwe na mahindi, akawaeleza ile njia ya pili. Wakarusha tena, wakageuka ukutani mmoja mmoja kama watoto wanaocheza kujificha, wakaweka. Profesa mwenyewe akafungua mkebe, akamwaga mezani. Maharagwe matano. Hakuna hata hindi moja. Wakayaangalia. Mwishowe profesa akasema, "Huyu ndovu leo ametuangukia sana," na hakuna aliyemuuliza Mwende swali lingine gumu.

Barua imekuja Ijumaa. Ni kazi ya kudumu. Ameniachia niisome mwenyewe, na nimeisoma na kidole mpaka kwa muhuri. Kamene naye ameandikwa kuendelea naye.

Sasa kuna jambo nataka kukuomba. Kikundi kingine kiko Kithimani, na Mwende anataka nieleze tena, kwa sababu anasema hakuna mtu anajua makosa ya hii kazi kuliko mimi. Ni wiki tatu zaidi. Nimemwambia nitamuuliza babake kwanza.

Nisalimie mama yako, mwambie kikapu chake kiko karibu kuisha, nakisuka nikiwa na wasiwasi ndiyo maana kimebana. Nisalimie dada yako Ndunge, na umwambie nimesikia yeye ndiye anayekupikia, Mungu amkumbuke, lakini apunguze chumvi. Kioko akileta barua mpe uji kabla hajarudi. Mzee Hamisi mpe pole ya goti, aende zahanati.

Na wewe nakujua. Nikikuuliza kwa simu kama nibaki, utasema sawa, haya, kata. Kwa hivyo chukua shilingi ishirini, ingia chumbani, rusha. Ukipata ndovu, ama kama hiyo nyumba imekuwa kubwa bila mimi, weka haragwe kwa bahasha umpe Kioko. Kama hakuna kati ya hayo, weka hindi, na mimi nitaenda Kithimani na roho safi. Haragwe likija sitauliza ni la ndovu ama ni lako. Nitapanda basi tu.

Ni mimi mkeo,
Mama Mwende